Barua ya wazi kwa wanaogonga muhuri wa "Tayari kwa Ujenzi"

KWA: Wakuu wa ofisi za usanifu majengo, mameneja wa miradi, na wote wenye mamlaka ya kuidhinisha michoro iende saiti

YAH: MICHORO YA KINA ISIYOJENGEKA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaoandika ni wasomaji wa michoro yenu: wasimamizi wa saiti, mafundi wakuu, wachoraji wa ofisini na wakadiriaji majenzi. Malalamiko yaliyomo humu si mageni kwenu. Yamepita kwenye fomu za maswali, kwenye vikao vya saiti, pembeni ya vikao hivyo, na kwenye michoro tuliyowarudishia ikiwa imejaa kalamu nyekundu. Majibu tuliyoyazoea ni matatu: "tumepokea", "fundi ataelewa", na kimya. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Hatuna ugomvi na sura za majengo yenu. Tunachozungumzia ni sehemu ndogo sana za jengo: pale ukuta unapokutana na dirisha, paa linapokutana na parapeti (ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa), sakafu inapokutana na ngazi. Uvujaji, nyufa na madai ya nyongeza huanzia hapo. Mchoro wa kina ni maagizo kwa mtu aliyeshika mwiko au drili. Jambo lolote ambalo halikuamuliwa mezani litaamuliwa juu ya jukwaa, na mtu ambaye hakupewa muda, hesabu wala mamlaka ya kuliamua. Likija kuharibika, anayeitwa kujieleza ni yeye.

Hoja zetu ni hizi.

1. Skeli na karatasi

Mchoro wa 1:50 hauwi mchoro wa kina kwa kuandikwa hivyo chini yake. Plasta ya milimita 12 katika skeli hiyo ina upana wa milimita 0.24 kwenye karatasi, yaani unene wa kalamu. Utando wa kuzuia maji, silikoni, plagi ya skrubu, vyote vinamezwa na mstari mmoja mweusi. Kiungo cha dirisha kinataka 1:5, na kona ya fremu yenyewe 1:2 au ukubwa wake halisi. Skeli ya 1:20 inafaa kuonyesha ukuta mzima tangu msingi hadi paa na kutuelekeza viungo viko wapi. Msiitegemee kwa zaidi ya hapo. Kitu chembamba mno, kama utando wa milimita 1.5, kikilazimika kunenepeshwa ili kionekane, andikeni kwamba kimenenepeshwa.

Mnachora kwenye A1, kisha mnatutumia A3. Kila urefu unapungua nusu: herufi za milimita 2.5 zinakuwa 1.25, mstari wa 0.13 unapotea kwenye mashine ya kuchapia, na "1:5" iliyoandikwa chini ya mchoro inageuka uongo kwa sababu sasa ni 1:10. Wekeni mstari wa skeli uliochorwa, ambao utapungua pamoja na mchoro. Na kabla ya kututumia, chapeni A3 hiyo wenyewe mjaribu kuisoma mkiwa mmesimama nje, juani.

Unene wa mistari nao una maana yake. Kilichokatwa kichorwe kwa 0.5 au 0.7, kinachoonekana nyuma yake kwa 0.25, alama za nyenzo kwa 0.13 au 0.18. Mistari yote ikilingana, hatuwezi kujua kama fremu imepachikwa ndani ya ukuta au inaonekana tu kwa mbali.

2. Vipimo

Programu ya kuchorea inajua urefu wa kila mstari. Hata hivyo bado tunapokea vipimo vilivyochapwa kwa mkono juu ya vipimo vya programu: mstari una milimita 185, namba inasema 200, kwa kuwa mchoraji aliona ni haraka kubadilisha namba kuliko kusogeza ukuta. Siku mchoro ukibadilishwa, mstari unasogea na namba inabaki pale pale. Fundi hana namna ya kugundua, maana amekatazwa kupima karatasi kwa rula, na ni haki akatazwe. Hili hatuliiti kuteleza. Ni uongo uliowekwa kwa makusudi, na tungependa liwe kosa la kinidhamu ofisini kwenu.

Vipimo vingine vinaanzia kwenye kitu ambacho bado hakipo. Mwashi anapanga tofali leo; plasta itakuja baada ya wiki kadhaa; lakini mchoro unampa upana wa mlango kutoka uso wa plasta hadi uso wa plasta. Anabaki akipiga hesabu kichwani: 12 huku, 12 kule, au ni 15? Mpeni kipimo kutoka mstari wa gridi au kutoka uso wa tofali lenyewe, na unene wa plasta uandikwe kando.

Halafu tofali. Tofali la milimita 390 kwa 190 pamoja na kiungo cha saruji cha 10 linatoa hatua ya 400 kwa 200. Maana yake ni kwamba uwazi wa dirisha huangukia 1,210, kwa sababu una kiungo kimoja zaidi, na kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili huangukia 590, kwa sababu kina kiungo kimoja pungufu. Mkichora 1,200 na 600 kila mahali, fundi atakata tofali au atanenepesha viungo, na mkato huo utaonekana ukutani muda wote jengo litakaposimama. Kabla ya kuchora, ulizeni ni tofali lipi litanunuliwa. Likiwa na vipimo vingine, hesabu ni ile ile.

La mwisho hapa: msifunge mnyororo wote wa vipimo. Ukuta wenye vipande saba, vyote vikiwa na namba kamili, hauachi mahali pa kosa kujificha, na kosa dogo halikosekani. Acheni kipande kimoja bila namba, kile kisichodhuru kikizidi au kupungua milimita kadhaa, na mkiandike "kinachobaki".

3. Levo mbili, na ngazi inayoangusha watu

Chukueni ghorofa yenye kimo cha milimita 3,000 kutoka zege hadi zege, na ngazi yenye vipandio 18. Kila kipandio ni milimita 166.7, na fomu ya zege (mbao za kumiminia zege) inatengenezwa hivyo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Sakafu ya chini na ya juu zitapata skridi (tabaka la saruji la kusawazisha) na vigae, jumla milimita 60. Vikanyagio vya ngazi vitapata umalizio wa milimita 30 tu. Kazi ikiisha, kipandio cha kwanza kimeshuka hadi 136.7 na cha mwisho kimepanda hadi 196.7. Ngazi moja, tofauti ya milimita 60 kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho. Mguu ukishazoea hatua mbili tatu haungoji macho, na tofauti ndogo kuliko hiyo inatosha kumkwaza mtu.

Hesabu ya mchoro ilikuwa sahihi, ila ilikuwa hesabu ya zege peke yake. Ilitakiwa fomu ianze na kipandio cha 196.7 na kumalizia na cha 136.7, ili umalizio ukishawekwa vyote 18 vilingane. Mwashi hawezi kubuni hilo, kwa sababu unene wa vigae haumo kwenye mchoro wake. Umo kwenye jedwali la umalizio, karatasi nyingine kabisa, ambayo pengine haijatoka.

Tunachotaka ni kila mchoro wa kina wenye sakafu uwe na levo mbili zilizoandikwa wazi, ya zege na ya umalizio, na tofauti ya hizo mbili ilingane na jumla ya matabaka yaliyotajwa. Bafu na roshani huharibikiwa kwa sababu hii hii. Mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu unakula unene, na kama zege halikushushwa tangu mwanzo, maji yatageuka yaelekee mlangoni.

4. Maji

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, na ndipo michoro ilipo mikavu zaidi.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa. Chukueni mchoro wa mkato wa jengo zima na kalamu ya bluu. Anzieni chini ya sakafu, fuateni tabaka linalozuia maji, pandeni ukutani, pitieni kizingiti cha dirisha, zungukeni fremu, endeleeni hadi parapeti, vukeni paa na mshuke upande wa pili bila kuinua kalamu. Mkono unaposimama kwa kukosa njia, hapo ndipo maji yatakapopita. Rudieni kwa kalamu nyekundu kufuata tabaka la kuzuia joto, na ya kijani kufuata lile la kuzuia hewa. Michoro mingi tunayoletewa inakwama kwenye dirisha la kwanza.

Mnatuandikia neno "flashini", yaani bati la kuziba kiungo maji yasipite, na mshale. Mshale unaelekea kwenye mstari mmoja mnene unaoishia hewani. Je, ukingo wa juu wa bati unaingia nyuma ya utando wa ukuta au unakaa mbele yake? Kila kitu kinategemea jibu hilo. Kipande cha juu lazima kikifunike cha chini kama magamba ya samaki, kwa mpishano wenye kipimo, tuseme milimita 100. Kikigeuzwa, bati lile lile mlilolipia linakuwa mfereji wa kuingiza maji ndani ya ukuta, na plasta ikishapigwa hakuna atakayeliona.

Parapeti. Kofia yake iteremkie upande wa paa ili uchafu usichuruzike kwenye uso wa jengo. Itokeze kama milimita 40 kutoka kwenye uso wa ukuta, na mfuo wa kudondoshea maji uwe chini ya sehemu hiyo iliyotokeza, nje ya uso wa plasta. Tumeona mifuo iliyochorwa vizuri kabisa, ikafunikwa na plasta kwa kuwa mchoraji alipima kutoka kwenye tofali. Chini ya kofia kuwe na tabaka la kuzuia unyevu, kwa sababu viungo vya kofia hupasuka mapema au baadaye.

Paa la bapa. Utando upande ukutani milimita 150 juu ya uso uliomalizika wa paa. Mkipima kutoka kwenye zege, skridi ya mteremko, tabaka la kuzuia joto na kokoto vitakula zaidi ya nusu ya kimo hicho. Mteremko uchorwe 1:40 ili baada ya makosa ya kawaida ya ujenzi na kujipinda kwa zege tubaki na 1:80. Ukichorwa 1:80, saiti tutapata madimbwi. Na chini, kwenye ukuta wa nje, lile tabaka la kuzuia unyevu ambalo mafundi wote wanaliita DPC likae angalau milimita 150 juu ya ardhi iliyomalizika, pamoja na bustani na vibaraza ambavyo mtu wa mandhari atakuja kuviongeza baadaye.

Kisha kuna kona. Mkato wa wima unaonyesha kizingiti, mkato wa mlalo unaonyesha ubavu wa fremu, na kila kimoja kikiwa peke yake kinapendeza. Dirisha linavujia pale viwili hivyo vinapokutana, mahali ambapo hakuna mkato wowote unaopita. Kona ya chini ya dirisha, mwisho wa parapeti na kizingiti cha mlango wa roshani haviwezi kuelezwa na mkato peke yake. Vinataka mchoro wa pande tatu, hata wa mkono, unaoonyesha utando unakatwa wapi, unakunjwa wapi na kipi kinatangulia.

Mwaka 1998 jimbo la British Columbia huko Kanada liliunda tume ya uchunguzi kuhusu nyumba za ghorofa ambazo kuta zake zilikuwa zinavuja na kuoza. Maji yalikuwa yakiingia kwenye madirisha, roshani na kingo za paa, yakifika ndani yanakosa njia ya kutoka. Kwa hiyo mchoro ukishaonyesha maji yanazuiwa vipi, uonyeshe pia yakipenya yatatokea wapi: matundu ya kutolea maji yako wapi, yamepishana umbali gani, na kitu gani kimewekwa ili saruji inayodondoka isiyazibe.

5. Msanifu na mhandisi wasiposomana

Ukingo wa slabu ya roshani. Msanifu anachora mfuo wa kudondoshea maji chini yake, kina cha milimita 20. Mhandisi, kwenye karatasi yake, ameandika kava ya nondo, yaani unene wa zege linaloifunika, milimita 25. Kila mmoja yuko sahihi kwake. Saiti, juu ya ule mfuo nondo inabaki na zege la milimita 5. Mafundi wameweka biskuti za 25 (vipande vya kuitenga nondo na fomu) kama walivyoagizwa na wamepigilia mbao ya mfuo kama walivyoagizwa. Baada ya miaka nondo inaota kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na ukingo wa roshani unabanduka vipande juu ya vichwa vya watu.

Dawa yake ni kuiweka michoro miwili moja juu ya nyingine katika skeli moja. Mkifanya hivyo, choreni nondo kwa unene wake wa kweli. Ya milimita 25 pamoja na miiba yake inazidi kipimo hicho kwa karibu asilimia 10, na mikunjo yake ina mviringo, haikunjiki kama mstari wa kalamu.

6. Nafasi ya kusogea na nafasi ya kukosea

Fremu ya alumini yenye urefu wa mita 6, joto likipanda nyuzi 50 za selsiasi tangu alfajiri ya baridi hadi alumini inapochomwa na jua, inarefuka kama milimita 7.2. Chuma cha pua au cha kawaida kina viwango vyake. Cha kawaida kingerefuka takriban nusu ya hapo. Hata mkiugawa mwendo huo sawa kwa ncha mbili, kila ncha inahitaji milimita 3.6. Sasa silikoni inayostahimili asilimia 25 ya upana wake, ikiwekwa kwenye kiungo cha milimita 10, inavumilia 2.5. Itapasuka, na mtasema ilikuwa ya bei rahisi.

Kiungo cha silikoni kichorwe na sura yake: upana, kina kisichozidi nusu ya upana huo kwenye viungo vipana, na kamba ya sponji nyuma yake ili silikoni ishike pande mbili tu. Ikishika na mgongo, haiwezi kunyooka.

Makosa ya kawaida ya kazi nayo yawekewe nafasi. Zege linakosea kwa milimita kumi na kitu, dirisha la kiwandani linakosea kwa mbili. Mchoro unaokutanisha vitu hivyo viwili bila pengo unadai jambo lisilowezekana. Tundu la bolti liwe refu upande mmoja, washa iwe pana, pengo la kujazia liandikwe kwa kiwango cha chini na cha juu: "10, isipungue 6, isizidi 16". Hiyo ni lugha fundi anayoweza kuifuata bila kupiga simu.

7. Kinachochoreka lakini hakijengeki

Kuna bolti zinazochorwa mahali ambapo spana haifiki, na utando unaotakiwa kukunjwa nyuma ya ukuta ambao kufikia hapo utakuwa umeshajengwa. Anayechora ajiulize: kipi kinawekwa kwanza, nani anakiweka, mkono wake unapita wapi? Kisha aandike namba 1, 2, 3 juu ya mchoro.

Gharama ya kutojiuliza inajulikana. Tarehe 17 Julai 1981, huko Kansas City, Marekani, madaraja ya kupitia watu ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency yalianguka, watu 114 wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Michoro ya awali ilionyesha fimbo moja ya chuma ikishuka kutoka darini, ikapita kwenye boriti za daraja la ghorofa ya nne na kufika hadi daraja la ghorofa ya pili chini yake. Kuijenga hivyo kungelazimu kukata hesi kwenye sehemu ndefu ya fimbo ili nati ifike katikati. Ikabadilishwa kuwa fimbo mbili: moja kutoka darini hadi boriti ya juu, nyingine kutoka boriti hiyo hiyo hadi daraja la chini. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo mno. Lakini nati iliyokuwa chini ya boriti ya juu, ambayo ilipaswa kubeba daraja moja, sasa ilibeba mawili. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata kiungo cha awali kingebeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za jiji hilo. Michoro yenye mabadiliko hayo ilikuwa imegongwa muhuri wa kukubaliwa.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu kiungo cha kwanza kilikuwa taabu kukijenga, na hakuna aliyerudi kukipigia hesabu upya. Mazingira ya namna hiyo tunayo kila siku, kwenye viungo vidogo zaidi, na neno "mtarekebisha saiti" ndilo linaloyatengeneza.

8. Michoro ya kuazima na marejeo yaliyokufa

Tutakuwa wafupi. Mchoro uliotolewa kwenye mradi wa zamani unaonyesha ukuta wa 230 wakati mradi huu una wa 200. Duara la rejeo linatupeleka karatasi namba fulani. Tukifika, mchoro huo haupo, au unaturudisha tulikotoka. Toleo C linakuja bila wingu la kuonyesha kilichobadilika, tunatafuta tofauti kwa macho. Neno "kama kawaida" limeandikwa kwenye viungo visivyofanana. Na jina la bidhaa kwenye mchoro ni moja, kwenye maelezo ya kiufundi ni jingine, kwenye BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya kukadiria gharama) ni la tatu. Jambo moja liandikwe mahali pamoja.

Visingizio tunavyovijua

"Malipo ya usanifu hayatoshi kuchora yote." Tunakubali kwamba mnabanwa. Basi choreni machache. Jengo la kawaida lina viungo vichache vinavyojirudia na vichache vya ajabu. Karatasi 5 za kweli zinatufaa kuliko 30 za kuazima. Mnapoteza muda mwingi zaidi kujibu maswali yetu kuliko ambao mngeutumia kuchora.

"Fundi mzoefu anajua." Anajua, na ndiyo shida. Wazoefu watatu watakifanya kiungo kimoja kwa njia tatu, zote zikiwa na mantiki, ndani ya jengo moja. Na mkadiriaji majenzi, ambaye hawezi kukadiria kitu kisichochorwa, ataweka kiasi cha kubahatisha ambacho mwenye jengo atakuja kulipia mara ya pili.

"Mkandarasi ataleta michoro ya karakana." Mtengeneza madirisha atachora dirisha lake. Mtu wa utando atachora utando wake. Pale viwili hivyo vinapoonana hakuna anayelipwa kuchora, isipokuwa ninyi.

"Modeli ya pande tatu ina kila kitu." Modeli ina ukuta na ina dirisha. Mkiikata, inatoa ukuta uliogota kwenye dirisha. Silikoni haimo, kamba ya sponji haimo, mpishano haumo, mpaka mtu akae na kuvichora.

"Tukiandika kila kitu tutabanwa kisheria." Hili husemwa kwa sauti ya chini, nasi tunalijibu kwa sauti ya kawaida: mstari wa "ikamilishwe kwa kumridhisha msanifu" ni funika kombe mwanaharamu apite. Jukumu la kuamua kiungo ni lenu hata mkiliacha tupu.

Tunachoomba

(a) Mwanzoni mwa kila mradi, kabla ya zabuni, itolewe orodha ya viungo vyote vya jengo, ikionyesha kila kimoja kitachorwa kwa skeli gani na nani.

(b) Kila mchoro wa kina usomwe na mtu ambaye hakuuchora, kwa kikokotoo na kalamu tatu tulizozitaja, na jina lake liandikwe kwenye kisanduku cha taarifa. Asiyekuwa na muda wa kusoma asigonge muhuri.

(c) Kuchapa namba juu ya vipimo vya programu kupigwe marufuku.

(d) Msanifu na mhandisi wakae pamoja na michoro yao iliyopandanishwa, angalau kwa kingo za slabu, ngazi, parapeti na bafu, kabla karatasi yoyote haijatoka.

(e) Swali la saiti lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba za kazi, kwa mchoro uliosahihishwa wenye wingu na herufi ya toleo. Maneno ya kwenye simu tusilazimishwe kuyajenga.

(f) Dirisha la kwanza na kipande cha kwanza cha parapeti vijengwe kama sampuli, vimwagiwe maji kwa bomba, na kila marekebisho yatakayopatikana hapo yarudishwe kwenye mchoro kabla ya kuendelea na mengine.

(g) Wachoraji chipukizi waletwe saiti siku kiungo walichokichora kinapojengwa. Baadhi yetu tunaoandika ni wachoraji, na tunaliomba hili kwa ajili yetu.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila kipengele, hata kama jibu ni hapana na sababu zake. Tuko tayari kukaa nanyi mezani wakati wowote mtakaotupangia. Tungependa kikao cha kwanza kiwe juu ya kona ya chini ya dirisha, na mje na mchoro wake wa 1:2.

Wenu katika kazi,

Wasimamizi wa saiti, mafundi wakuu, wachoraji na wakadiriaji majenzi